Koli imefika Baraka, mwenyewe yuko Lweba

Maneno aliyoyasema mama mmoja wa kamati kwenye mkutano mkuu wa chama, hapa Lweba. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya memba ambao hawakufika na wafadhili wetu walio mbali.

Kamati imeniomba niseme juu ya koli kwa sababu watu wanajua nilipitisha miaka mingi kati ya Kigoma na Baraka na biashara yangu ya vitenge na sabuni. Pale bandarini hakuna depo ambayo sijaketi juu ya mizigo yake nikingoja. Nimekubali kusema. Lakini nitaanza na bahasha moja ndogo, vitenge tuviache.

Mtoto wa dada yangu alisoma Nyarugusu. Mnajua shule za Wakongo kule zilifuata programu ya Kongo, kwa hiyo mtoto akirudi anaendelea pale alipofika, mradi awe na buletini zake. Yeye alitangulia kurudi, buletini zikabaki kwa baba yake mdogo, naye akazituma. Bahasha ikatoka kambini mpaka Kasulu, Kasulu mpaka Kigoma, ikavuka ziwa, ikashuka Baraka siku ya nne. Siku nne tu! Halafu ikalala Baraka majuma matatu. Juu yake waliandika "Mama Furaha, Lweba", na namba ya simu ambayo dada yangu aliiacha zamani. Sasa niambieni, hapa Lweba tuna Mama Furaha wangapi? Wa kwanza aliitwa akasema si yake. Wa pili alikuwa shambani. Dada yangu mwenyewe alipofika depo, yule kijana akamuuliza, "Mama, koli yako iko hapa tangu siku mingi, wewe ulikuwa wapi?" Shule ilikuwa imekwisha kupeleka orodha ya wanafunzi wa Exetat. Mtoto akakaa mwaka mzima nyumbani.

Uzito wa ile bahasha haukufika hata gramu mia mbili.

Nimesimulia hayo ili tusidanganyane kwamba shida yetu ni ziwa, au ni umbali. Ziwa lina mambo yake, kweli. Mwaka 2024 maji yalipanda mpaka bandari ya Kalundu pale Uvira ikafurika. Na njia ya kutoka Bukavu si ya kutegemea tena tangu vita ilipoingia mji ule Februari 2025, kwa hiyo sisi tunageuza macho Kigoma zaidi. Pamoja na hayo yote, koli zinavuka. Zinashuka Baraka. Zinapotea pale ambapo mtu anaanza kusema "tumekwisha fika".

Na si kwetu peke yetu. Watu wa kazi hii duniani kote wanajua kwamba hatua ya mwisho, ile ya kutoka depo mpaka mkononi mwa mwenyewe, ndiyo inakula faranga nyingi kuliko urefu wake. Sababu yake hata mtoto wa soko anaielewa. Boti ikibeba mizigo mia tatu, mafuta ni mamoja, nahodha ni mmoja, gati ni moja. Ikishuka, kila mzigo unataka miguu yake. Huyu yuko juu mlimani, yule yuko kando ya mto, mwingine amehamia Nundu bila kusema. Na kama motari amekwenda hakumkuta mwenyewe, anarudi nao, kesho aende tena. Safari moja inalipwa mara mbili, na anayelipa ni nani? Ni sisi.

Makampuni makubwa yameumia hapo hapo. Jumia, ile ya kuuza vitu kwa simu, ilifunga kazi yake Tanzania mwaka 2019, na mwisho wa 2023 ikaacha kabisa kupeleka chakula nyumbani kwa watu katika nchi zote ilizokuwa inafanya kazi hiyo. Mwaka huo huo 2023, Sendy ya Nairobi, ambayo kazi yake ilikuwa kusafirishia watu mizigo, ikafunga. Hao walikuwa na programu za simu, na pesa za watu wakubwa. Sitaki kusema walikuwa wajinga. Ninasema kumfuata kila mtu mpaka mlangoni ni kazi ghali sana.

Basi dunia inafanya nini sasa? Inajifunza kusimama kabla ya mlango. Jumia yenyewe imeweka vituo, unaenda kuchukua mzigo wako kituoni na unalipa kidogo kuliko kuletewa. Nairobi wako watu wanaitwa Pick Up Mtaani. Hao wanaacha mzigo katika duka la jirani yako, wewe unapita jioni ukitoka kazini. Kule Poland, kampuni ya InPost imesimamisha makabati ya chuma barabarani, zaidi ya 20,000, kila mlango mdogo unafunguka kwa namba inayotumwa kwenye simu yako. Hakuna mtu anayegonga nyumbani. Ulaya hiyo, ambako kila nyumba ina namba na kila njia ina jina!

Najua vijana wanangoja niseme juu ya drone. Nasema. Rwanda, tangu 2016, ndege ndogo za Zipline zinapeleka damu kwenye hospitali. Mwaka 2018, kwenye Ziwa Viktoria, walijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka ng'ambo, kilometa 60 kwa dakika 40 hivi. Ni kitu kizuri, na kwa damu sipingi. Lakini angalieni vizuri, hata ile ndege inapeleka hospitali, ambako kuna muuguzi anayengoja na kuandika. Haimtafuti Mama Furaha.

Sasa nirudi kwetu, maana hapa ndipo niliposhangaa mimi mwenyewe nikifikiri usiku.

Tulipokuwa wakimbizi tulikuwa na anwani. Ndiyo! Pale Lugufu, pale Nyarugusu, kila mtu alijulikana, zone fulani, kijiji fulani, na karte yake ya posho yenye namba. Mgeni akifika anaonyeshwa nyumba kabla jua halijashuka. Tukapanda meli kule Kigoma, tukashuka Baraka, wengine tangu 2005, tukabusu udongo wetu, na siku hiyo hiyo anwani ikaisha. Hapa mtu anakaa "kwa wale wa mwembe", na mwembe wenyewe ulikatwa. Sisemi kambi ilikuwa bora, Mungu apishe mbali. Nasema kitu kimoja kile tulikiacha kule kambini, na tulikuwa tunakihitaji.

Na tena wazee watakumbuka barua za Msalaba Mwekundu. Zile za wazi, za habari za familia tu. Ile karatasi ilikuwa haitosheki na jina lako. Inauliza jina la baba, jina la mama. Na mjumbe anakuja kwa miguu, anauliza watu, anauliza tena, na asipompata mtu, barua inarudi kwa aliyeituma ili ajue haikufika. Hakukuwa na moto, hakukuwa na rezo. Walikuwa na mambo mawili tu, jina lililo kamili na jibu la kurudi. Wangapi humu walipata habari ya wazazi wao kwa njia ile? Naona mikono. Basi.

Sasa nije kwenye neno ambalo litawaudhi wengine. Wafadhili wetu, tunawashukuru sana, wamesema wako tayari kutununulia moto ya chama, ya kubeba koli kutoka Baraka. Kamati nusu inafurahi. Mimi nasema hapana, na nimewaambia hivyo uso kwa uso. Motari tunao. Ni watoto wetu, wanapita hapa tangu asubuhi mpaka giza. Moto ya chama itataka mafuta, oili, mpira, na mvua ikinyesha itakwama kwenye tope lile lile wanalokwama wao. Kwenye barriere italipa kama wao. Mwaka wa pili itakuwa inabeba mkubwa fulani kwenda kwenye matanga. Mnacheka kwa sababu mnajua. Na wale vijana tutakuwa tumewanyang'anya kazi, kwa pesa za kusaidiana.

Kinachokosekana ni mtu wa kupokea. Angalieni pesa. M-Pesa ilipofika Kongo mwaka 2012, haikujaribu kuleta noti mpaka mlangoni. Pesa inafika kwenye simu, unatembea mpaka kwa ajenti, unamwonyesha, unachukua. Leo mtu wa Lweba anapokea dola kutoka kwa mtoto aliye Marekani kwa saa moja, lakini dawa ya presha kutoka Baraka inamchukua juma. Koli nayo inataka ajenti wake hapa hapa.

Kwa hiyo ninaomba vitu vidogo. Chumba kile cha nyuma cha ofisi, na kabati la mbao lenye kufuli, mbali na sakafu kwa sababu ya maji na panya. Daftari kubwa. Simu moja ya chama yenye namba isiyobadilika, hiyo ndiyo wote wataandika juu ya mzigo, badala ya namba zetu ambazo tunazibadilisha kama nguo. Na mama mmoja wa kukaa pale, alipwe kwa kila koli inayochukuliwa, si kwa mwezi, ili awe na sababu ya kumtafuta mwenyewe.

Juu ya mzigo paandikwe jina, jina la baba, jina la mama, kartie. Hapo akina Furaha wote wataachana. Anayetuma achague namba nne kichwani mwake, ampigie ndugu yake amwambie, na atupe sisi namba hizo kwenye simu ya chama. Anayekuja kuchukua azitaje. Asiyezijua hapewi, hata kama ni mume wa mtu, hata kama ni pasta. Motari anatia sahihi Baraka anapopokea, mama wa kabati anatia sahihi hapa, na ndipo motari analipwa, si mbele. Jioni, rezo ikiwepo, ujumbe mfupi unarudi kwa aliyetuma, imefika, imechukuliwa. Ikikaa siku saba haijachukuliwa, ajulishwe pia. Hilo la mwisho ndilo lingemwokoa mtoto wa dada yangu.

Dawa ziwe na rafu yake, na zisilale. Kama ni dawa ya kutaka baridi, tusijifanye, hatuna friji. Ipelekwe moja kwa moja kituo cha afya, tuwaombe wao.

Mtaniuliza juu ya wizi. Utakuwepo. Siku moja koli itapotea mikononi mwetu, na siku hiyo chama kitajulikana kama ni chama. Nataka tukubaliane leo, kabla haijatokea, kwamba sehemu ya malipo ya kila koli inakaa pembeni kwa kulipa kilichopotea, na sanduku hilo halichanganywi na lile la ugonjwa na la vifo. Tukiyachanganya, mgonjwa atalipa deni la kitenge. Nani ataweka ufunguo? Mimi sitaki. Nina biashara ya mizigo, haifai.

Ndugu wafadhili, najua kabati halipendezi kwenye picha kama moto. Pesa mliyotaka kuinunulia moto inatosha kabati, daftari, simu, na malipo ya yule mama mpaka kazi ijilishe yenyewe, na sehemu nyingine itabaki. Kama hamtaki, tuambieni, tutafanya kidogo kidogo kwa michango yetu. Lakini moto, mimi sitaipigia kura.

Nimemaliza. Karatasi ya majina iko pale mezani kwa katibu. Kila nyumba iandike jina la baba na la mama leo kabla ya kuondoka, maana boti ya Kigoma tunaingoja juma hili na tunataka kujaribu na mizigo yake. Akina Mama Furaha waanze.