Nani Ashikwe Mkono Kwanza? Wajibu wa Serikali Uchumi Unapoporomoka



 

Ndugu zetu katika imani, vijana wa darsa wametuuliza zaidi ya mara moja: uchumi wa nchi ukiporomoka, viwanda vikafungwa na mazao yakakosa mnunuzi, serikali inawajibika kufanya nini? Wapo wanaojibu kwamba hayo ni mambo ya soko, yaachwe yatengemae yenyewe. Wapo wasemao kuwa ni mtihani, basi tuombe dua tu. Dua ni silaha ya Muumini na hatuikatai. Lakini aliyekabidhiwa hazina ya watu hana ruhusa ya kuketi akiomba dua huku funguo za ghala zimo kiunoni mwake.

Tuanze na msukosuko ambao wengi wetu tunaukumbuka. Mnamo Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers ya Marekani iliomba kutangazwa muflisi. Chanzo kinajulikana. Mabenki yalikopesha fedha za kununulia nyumba hata kwa watu waliojulikana kuwa hawataweza kulipa, kisha madeni hayo yakafungwa mafungu mafungu na kuuzwa kama bidhaa, deni juu ya deni na riba juu ya riba. Bei ya nyumba iliposhuka na wakopaji wakashindwa kulipa, jengo zima likaanguka. Hapo wale wale waliokuwa wakitufundisha kwamba serikali isiingilie soko hawakulisubiri soko. Siku iliyofuata Benki Kuu yao ilitangaza mkopo wa dola bilioni 85 kuiokoa kampuni ya bima ya AIG, na Oktoba 3 Rais George W. Bush akatia saini sheria ya kutenga dola bilioni 700 kwa ajili ya kuyanusuru mabenki.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Benki ikianguka haiangukii matajiri peke yao. Baina ya mwaka 1930 na 1933 maelfu ya mabenki yalifungwa huko huko Marekani, na akiba za watu wa kawaida zikapotea. Mwaka 1932 serikali yao ikaongeza kodi ili kuziba pengo la bajeti, yaani ikawakamua watu ambao walikuwa wamekwisha kukauka. Kufikia 1933 takriban mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Kwa hiyo hatusemi kwamba ilikuwa haramu kuyazuia mabenki yasianguke mwaka 2008. Tunauliza nani alishikwa mkono kwanza, na kwa sharti gani. Mwezi Machi 2009 AIG hiyo hiyo, ikiwa hai kwa fedha za umma, iligawa bakshishi za dola milioni 165 kwa watumishi wa kitengo kile kile kilichoipeleka shimoni. Wakati huo huo familia nyingi mno zilikuwa zikitolewa majumbani mwao, na ilipofika Oktoba wasio na kazi walikuwa asilimia 10. Fedha nyingi zilizopewa mabenki zilirejeshwa baadaye, na hilo tulikiri. Aliyepokonywa nyumba, nyumba yake haikurejeshwa.

Sasa tutazame namna nyingine. Mwaka wa 18 Hijria, Bara Arabu lilipatwa na ukame mkali, mwaka uliojulikana kama Aamur-Ramaadah, mwaka wa majivu, kwa jinsi ardhi ilivyogeuka rangi. Mabedui walimiminika Madina wakiwa hawana mnyama wala punje. Amirul-Muuminina Umar bin Al-Khattaab (Radhiya Allahu anhu) aliwaandikia magavana wake wa majimbo yenye neema, na wanahistoria wanasimulia kwamba Abu Ubaydah alifika kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Watu wakapikiwa kwa pamoja. Yeye mwenyewe akajizuia na nyama na samli mpaka watu wapate nafuu, akala mafuta ya zeituni hadi rangi ya mwili wake ikabadilika. Lenye kuhusu zaidi maudhui yetu ni kwamba aliahirisha kukusanya zaka ya wanyama mwaka ule. Hakusema Baytul-Mal imepungukiwa, basi wakusanyaji waongeze juhudi. Tunalitaja hili kwa sababu tumezoea kuona kinyume chake: hali ikiwa ngumu, ushuru wa soko unapanda, na mama anayeuza vitumbua pembeni mwa barabara anakimbizwa na mgambo, eti mapato ya halmashauri yameshuka.

Msukosuko wa 2008 ulifika pia kwetu. Bei za pamba na kahawa zilianguka katika soko la dunia. Mwezi Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kuunusuru uchumi wa Tanzania uliogharimu shilingi trilioni 1.7. Sehemu ya mpango ule ilikuwa kufidia hasara za makampuni na vyama vya ushirika vilivyonunua mazao kwa bei ya juu kabla ya bei kuanguka, na kuwapa muda zaidi wale walioshindwa kulipa mikopo ya benki. Hoja yake ilikuwa na mashiko, kwani mnunuzi akifilisika leo, msimu ujao pamba ya mkulima wa Shinyanga itabaki ghalani. Hata hivyo fedha ilipita kwanza kwa benki, kisha kwa mnunuzi, ndipo mkulima akatarajiwa kunufaika. Msaada unaopitia mikono mingi hivyo unahitaji daftari lililo wazi, lenye majina ya waliopewa na kiasi walichopewa. Miaka iliyofuata, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji sehemu ya fedha hizo, na wabunge wakadai maelezo. Je, si bora orodha ile ingebandikwa siku ya kwanza, kwenye mbao za matangazo za wilaya zinazolima pamba?

Ataulizwa mtu: fedha zote hizo zitoke wapi? Swali ni la haki. Jibu lake limo katika kisa cha Nabii Yusuf (Alayhis-salaam), aliyeshauri nafaka ya miaka saba ya neema iwekwe akiba kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Serikali inayokula kila kitu mavuno yakiwa mema, na kukopa juu yake, siku ya dhiki hukuta ghala tupu na mlango wa mkopeshaji umefungwa. Tanzania iliweza kutoa mpango ule kwa kuwa, miongoni mwa sababu nyingine, sehemu kubwa ya madeni yake ya nje ilikuwa imefutwa mwaka 2006. Mzigo mmoja ulikuwa umeshushwa mgongoni kabla mwingine haujaja.

Limebaki suala la lini serikali iondoe mkono wake, na hapa wengi huteleza kwa haraka. Mwaka 1937 serikali ya Marekani iliona hali imetengemaa, ikapunguza matumizi na kuongeza makato, na ukosefu wa ajira ukapanda upya. Umar (Radhiya Allahu anhu) alingoja mpaka mvua iliponyesha. Ndipo akawarudisha Mabedui makwao, akiwapa chakula cha njiani na vipando. Mwaka uliofuata akatuma wakusanyaji wachukue zaka ya miaka miwili kwa pamoja, akiwaamuru fungu moja wawagawie masikini wa huko huko, na fungu la pili ndilo walilete Madina.