Kukua katika Utakatifu
Somo: Waebrania 12:14

Somo letu linafunga utakatifu na amani na watu wote katika agizo moja. Tusivitenganishe.

Sisi wa Kisangani tunazijua nguzo za Wagenia. Maji ya mto yanazisukuma usiku na mchana, nazo zinasimama kwa sababu zimeshikwa na mwamba. Zikilegea, wavuvi wanazikaza tena. Vivyo hivyo mtakatifu hatolewi mtoni. Anashikwa na Mwamba, Yesu Kristo, na kukazwa kila siku kwa Neno na maombi.

Tangu 2023, Mbole na Lengola walipoanza kupigana, maji ya chuki yanatusukuma sisi pia. Jumapili tunanena kwa lugha. Jumatatu ulimi uleule unatukana kabila la jirani. Tusijidanganye, huko si kukua. Roho Mtakatifu akitutawala, tutampokea aliyekimbia kijiji chake bila kumwuliza kwanza kabila lake.

Juma hili, kila mmoja wetu amwombee kwa jina mtu wa kabila analoliogopa, kisha aende kumsalimia. Bwana atusaidie. Amina.