Msamiati wa Kwanza wa Kilatini kwa Mzungumzaji wa Kiswahili
Mojawapo ya nomino za awali katika vitabu vingi vya kufundishia Kilatini ni mensa. Mwanafunzi wa seminari aliyelelewa katika Kiswahili mara nyingi huikariri kupitia Kiingereza, ilhali neno lenyewe analo nyumbani: mensa ilizaa mesa ya Kireno, nayo ikazaa meza. Vinum ilifika kwa njia hiyo hiyo, ikawa mvinyo. Schola (ambayo kwa asili ni ya Kiyunani) iliingia mara mbili: shule kupitia Kijerumani, skuli kupitia Kiingereza.

Ugumu hasa haumo katika maana, bali katika miisho. Kiswahili hubadili kichwa cha nomino. Kilatini hubadili mkia. Ndiyo sababu rex hukaririwa pamoja na regis, kama mgeni wa Kiswahili anavyopaswa kujifunza ukuta pamoja na kuta. Kumweleza mwanafunzi huyu upatanisho kwa mifano ya Kiingereza ni kuupuuza ujuzi alio nao tayari. Nauta, yaani baharia, ina mwisho wa nomino za kike, lakini husemwa nauta bonus, si nauta bona. Naye tangu utotoni husema kipofu amefika, wala si kipofu kimefika.