KELELE YA CHENI KATIKA PIKAPU YETU

(Maneno ya dereva wa chama katika mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)



Mmeniita nijibu swali moja: kwa nini pikapu imesimama na mahindi yamejaa ghalani? Wengine wamesema dereva anasikia kelele peke yake. Siwalaumu. Asubuhi inalia, nikiifikisha kwa fundi mjini imenyamaza, kama mgonjwa anayepona akifika mlangoni kwa daktari. Mwaka jana tulilipa kurekebishiwa valvu, na gari ikarudi na kelele ile ile. Fedha yetu ilipotea kwa sababu tulitibu kabla ya kupima. Safari hii tumepima kwanza.

Gari yetu ni Toyota Hilux ya petroli, injini ya 22R, lita 2.4. Mbele ya injini, ndani ya kifuniko, mna cheni kama ya baiskeli. Inatoka kwenye krenkshafti chini hadi kemshafti juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Cheni hiyo inapita kati ya reli mbili zinazoizuia isichezecheze, na upande mmoja pana kikaza kinachosukumwa na presha ya oili. Zile 22R za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili. Kuanzia modeli za 1983 zikawekewa cheni ya safu moja na reli za plastiki. Plastiki ikizeeka huvunjika.

Sasa basi, mbona kelele inakuja na kuondoka? Ni kwa ajili ya oili. Gari ikilala usiku, oili inashuka na kikaza kinalegea. Ukiwasha, cheni inapigapiga mpaka presha ipande. Ikipanda, kikaza kinasukuma na kelele inakwisha. Kwa hiyo usiulize tu inalia wapi, uliza kwanza inalia lini. Mimi nimeandika kwenye daftari kila siku kwa wiki mbili. Kila asubuhi ililia sekunde chache kisha ikanyamaza. Ikishapata moto ililia nilipoachia mafuta kwenye mteremko. Siku oili ilipopungua, ililia kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya hapo tulifanya mambo manne, tena asubuhi, injini ikiwa baridi:

1. Tulipima oili na kuijaza hadi alama. Kelele ilipungua, haikuisha.

2. Tulitoa mikanda ya mbele tukawasha kwa muda mfupi tu, maana bila mkanda pampu ya maji haizunguki. Kama kelele ingeondoka, ubovu ungekuwa wa alteneta au pampu. Haikuondoka.

3. Niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni. Valvu iliyolegea hugonga juu, tik-tik-tik, ikifuata mwendo wa injini. Yetu ilikwaruza mbele, ndani ya kifuniko cha cheni.

4. Tulizima, tukafungua kifuniko cha valvu na kumulika kwa tochi. Reli ya upande usio na kikaza imevunjika, kipande cha juu hakipo. Wanakamati wawili wameona kwa macho yao. Tena cheni imeanza kukwaruza kifuniko.

Jamani, hapo ndipo pana hatari. Ndani ya kifuniko hicho mna njia ya maji. Cheni ikikitoboa, maji yanaingia kwenye oili, oili inakuwa kama chai ya maziwa, na beringi zinakufa. Cheni ikiruka meno, valvu zinaweza kupigana na pistoni. Hapo hatuzungumzi tena reli, tunazungumza injini nzima. Mpaka leo oili yetu haina maji. Tumewahi, lakini tukiiwasha kwa safari moja tu ya mahindi huenda tukachelewa.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, gari isiwashwe. Pili, tununue cheni, kikaza, gia zake, gaskiti, na reli zenye mgongo wa chuma badala ya plastiki tupu. Karai la oili lishushwe ili vipande vilivyoanguka vitolewe, na kifuniko kikaguliwe. Tatu, mahindi yaanze kwenda kwa mikokoteni ya ng'ombe ya wanachama, wenye mikokoteni walipwe na chama.

Daftari liko ofisini. Asiyeniamini aje alisome. Siku gari ikirudi, aje asubuhi, tuiwashe pamoja asikilize.

Ushirika oyee!