Reli Kwanza, Boksi Baadaye: Kuunda Trei za Kuvuta kwa Oveni za Mwihoko



Oveni za makaa za jua kali huuzwa kwa hesabu ya mikate. Mteja huuliza kama ni ya mikate 12 au 24, makaa yanawekwa wapi, na bei ni ngapi. Ni nadra aulize trei inatokaje. Hata hivyo, mwokaji wa hapa mtaani Mwihoko anayetaka mkate uwe dukani kabla watoto hawajaenda shule huivuta trei hiyo usiku kucha, na penye trei inayokwama ndipo mikono inapoungua. Msimamo wangu ni kwamba tuanze kuchora oveni kutoka kwenye reli, boksi lifuate.

Tuanze na uzito. Mkate wa gramu 400 huingia ndani ukiwa unga uliokandwa wa gramu 460 hivi, kwa sababu maji mengine hutoka kama mvuke. Mikate 12 ni kilo tano na nusu, na ukiongeza mikebe pamoja na trei yenyewe, tuseme kilo 11. Chukua trei yenye urefu wa sentimita 60. Ukiivuta sentimita 40, zinabaki 20 ndani, na kitovu cha uzito kimeshatoka nje ya mdomo wa oveni kwa sentimita 10. Mkia wa trei hapo unasukuma reli ya juu kwa nguvu ya kilo tano na nusu. Chuma kinaweza kubeba hilo bila taabu. Sasa mwokaji avute sentimita 10 zaidi tu: nguvu ile inapanda hadi kilo 22, mara nne ya ile ya kwanza. Kwa hiyo kizuio kiikomeshe trei ikiwa imetoka theluthi mbili. Mahali pa kizuio hicho pasikadiriwe kwa macho wakati wa kuchomelea; papigiwe hesabu kwanza.

Kwa sababu mkia hunyanyuka, anglaini moja ya chini, yaani chuma chenye umbo la L, haitoshi. Trei itembee ndani ya chaneli, yaani chuma chenye umbo la U kilicholazwa ubavu, ili pawe na mdomo wa juu wa kuuzuia mkia. Nafasi ya kuchezea iwe ndogo. Mkia wa sentimita 20 ukiachiwa milimita 3 za kunyanyuka, ncha ya mbele iliyo sentimita 40 nje inashuka milimita 6, na mikate ambayo haijashika huegemea upande mmoja.

Joto nalo lina madai yake. Reli ya sentimita 60 ya chuma cha kawaida ikitoka nyuzi 25 hadi 225 hurefuka karibu milimita moja na nusu, na ya chuma cha pua hufika milimita 2. Ni kidogo, lakini ukiichomelea pande zote mbili kwenye fremu ya nje ambayo haijapata moto sawa, haina pa kwenda ila kupinda. Ndiyo maana trei hutembea vizuri asubuhi karakana ikiwa baridi, kisha hugoma oveni ikishika moto. Funga reli upande wa mbele, na nyuma uiachie tundu refu lenye skrubu isiyokazwa sana. Pembeni mwa trei acha milimita 4 kila upande, kwani trei ikiwa ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma.

Nawaomba kwa moyo wote tuachane na reli za droo za kabati. Zinavutia kwa sababu ziko tayari dukani na zinateleza kama maji. Lakini gololi zake mara nyingi hushikiliwa na plastiki, na grisi yake ya kawaida huyeyuka au kukauka kwenye joto la kuokea mkate. Beringi kuukuu zinazouzwa Kirinyaga Road jijini Nairobi zina shida hiyo hiyo ya grisi. Mafuta ya kupikia si dawa: yakiokwa hugeuka gundi. Chuma bapa juu ya chuma bapa, kingo zikiwa zimepigwa faili na kupakwa grafaiti kavu, kinatosha.

Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yasiwe karibu na makaa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi, na moshi wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa. Tena, bomba mraba likizibwa ncha zote mbili litobolewe tundu dogo. Maji kidogo yaliyonaswa ndani, yakifika nyuzi 230, hutoa mvuke wenye shinikizo zaidi ya mara 25 ya hewa tunayovuta. Nimeona fremu nyingi nzuri zisizo na tundu hilo.

Viwanda vikubwa vya mikate hutumia toroli yenye magurudumu: trei zote huingia na kutoka kwa pamoja. Kwa chumba cha plotini hapa Mwihoko hilo ni kubwa mno, lakini jambo moja la kuiga lipo: kipimo kimoja cha trei. Oveni nyingi kutoka nje huchukua trei ya sentimita 40 kwa 60. Leo mwokaji akinunua oveni ya pili kwa fundi wa Githurai, trei zake za kwanza haziingii.

Napendekeza basi mafundi wa hapa tushike kipimo hicho cha 40 kwa 60, tutengeneze kiolezo kimoja cha chuma cha kupangia reli, na kila karakana inakili. Oveni isipakiwe kwenye pikapu kabla ya kuwashwa hadi nyuzi 230, kila trei iwe na kilo 15 za mchanga mkavu, ivutwe mpaka kwenye kizuio na kuachwa hapo kwa dakika tano, mteja akitazama.