Wakili wa Serikali na Jalada la Mpelelezi

Aghalabu mtu amwonapo Wakili wa Serikali amesimama mahakamani hudhani kwamba kazi yake huanzia pale, ilhali sehemu iliyo nzito zaidi, nayo haina hadhira, hutendeka kabla ya hapo, jalada la upelelezi lifikapo mezani pake kutoka polisi, naye akalisoma ukurasa kwa ukurasa kwa hadhari ya mtu ajuaye kwamba ataulizwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Mashtaka ya Taifa ya mwaka 2008 ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kuratibu upelelezi. Basi mawakili walio chini yake huwanasihi wapelelezi. Twaa kesi ya dawa za kulevya: wakili hutaka kujua ni nani aliyezikamata, nani aliyezitia lakiri, nani aliyezipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kila makabidhiano yaliandikwa wapi, kwani pengo moja tu laweza kuubatilisha ushahidi uliotafutwa kwa taabu kubwa. Akiliona pengo hilo hulirudisha jalada pamoja na maelekezo, jambo ambalo, tukubali, halimfurahishi afisa aliyekesha kazini.

Wala wakili si mtumishi wa polisi. Ibara ya 59B ya Katiba yamtaka Mkurugenzi azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Kwa hiyo ushahidi usipotosha, nasaha iliyo sahihi ni mtuhumiwa asishtakiwe, ijapokuwa mtaa mzima umekwisha kumhukumu.