MANENO YA JIRANI YAFIKE MAZIMA



Leo tutazungumza juu ya jarida dogo la mashairi. Najua mtu atauliza: mimi ninayelala chini ya turubai, ninayetafuta unga na maji, mashairi yatanisaidia nini? Ni swali la haki. Shairi halirudishi shamba, wala halijengi nyumba iliyochomwa. Lakini sisi wote tunajua kwamba kabla ya nyumba kuchomwa, yako maneno yaliyotangulia. Jirani alisema neno, mtu akalichukua, akaliongeza, likafika limekuwa sumu. Mwaka 1994, huko Rwanda, redio ilitumiwa kuchochea mauaji. Basi leo tuwaangalie watu waliochagua kazi iliyo kinyume cha hiyo: kuchukua maneno ya jirani na kuyafikisha mazima.

Mwaka 1965, huko London, Uingereza, washairi wawili walianzisha jarida lenye jina Modern Poetry in Translation, maana yake Mashairi ya Siku Hizi katika Tafsiri. Mmoja alikuwa Ted Hughes, wa pili Daniel Weissbort. Wazazi wa Weissbort walikuwa Wayahudi wenye asili ya Poland, walioishi Ubelgiji kabla ya kuhamia Uingereza. Nyumbani wazazi walisema Kifaransa, mtoto akawajibu kwa Kiingereza. Familia zilizohama zinajua hali hiyo.

Wakati ule Ulaya ilikuwa imekatwa vipande viwili, Mashariki na Magharibi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa mwaka 1961, na kila upande ulifundishwa kuogopa upande wa pili. Hughes na Weissbort hawakuwa na jeshi wala cheo serikalini. Walikuwa na karatasi. Katika toleo la kwanza walichapisha washairi wa Poland, Czechoslovakia, Yugoslavia, Muungano wa Kisovyeti na Israeli.

Washairi hao walikuwa watu wa namna gani? Zbigniew Herbert, aliyesomea sheria kama mimi ninayezungumza nanyi, alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Lwów, uliokuwa Poland. Baada ya vita mpaka ulisogezwa, na mji wake ukabaki katika nchi nyingine. Leo unaitwa Lviv, nao uko Ukraine. Yehuda Amichai alizaliwa Ujerumani mwaka huohuo wa 1924. Familia yake iliondoka wakati wa utawala wa Hitler, ikahamia Palestina, naye akaandika kwa Kiebrania. Vasko Popa wa Yugoslavia alifungwa katika kambi ya Wanazi wakati wa vita. Mnaona, ndugu zangu: mipaka, kuhama, kifungo. Msomaji wa London aliyefundishwa kuwahesabu watu wa Mashariki kuwa kundi moja la maadui alikuta humo mtu mmoja mmoja, na kila mmoja ana jina lake na sauti yake.

Miroslav Holub alikuwa mtaalamu wa sayansi ya kinga ya mwili huko Prague. Baada ya majeshi ya Kisovyeti kuingia nchini mwake mwaka 1968, ilifika miaka ambayo hakuruhusiwa kuchapisha kwao. Hata hivyo mashairi yake yaliendelea kusomwa kwa Kiingereza. Neno lililofungiwa mlango nyumbani lilikuwa limepata makao kwa jirani.

Sasa tuangalie namna walivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye somo letu. Wenye jarida walipenda tafsiri inayomfuata mwenye shairi karibu sana, hata kama Kiingereza chake kitasikika kigeni kidogo. Hughes hakujua Kiebrania. Mwaka 1977 kilipotoka kitabu cha Amichai kiitwacho Amen, Amichai mwenyewe ndiye aliyekuwa amefasiri mashairi yake kwa Kiingereza. Hughes alisahihisha makosa ya sarufi na kupanga mistari hapa na pale, sauti akaiacha iwe ya mwenyewe. Mshairi mwenye sifa kubwa alikubali kuwa mjumbe wa mwenzake.

Wazee wa barza, kazi hiyo ni yenu pia. Katika kambi moja mnakuta Mashi, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo na lugha nyingine. Mama anapoeleza kilio chake kwa lugha yake, yule anayekigeuza kwa Kiswahili amebeba amani ya kambi nzima kinywani mwake. Nawaomba mambo matatu.

La kwanza: mkalimani asiongeze wala asipunguze. Aliyesema "waliniibia ng'ombe" asigeuzwe kuwa amesema "kabila lile ni wezi". Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu binafsi. Hakuna anayeshitakiwa kwa tendo la mwingine. Tafsiri mbaya huvunja kanuni hiyo hata kabla ya shauri kufika kwa hakimu.

La pili: mrudishieni mwenye neno neno lake. Muulizeni: "Ni hivi ulivyosema?" Akikataa, anzeni tena. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 18, inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kama mshitakiwa anayo haki hiyo, mama aliyefiwa je?

La tatu: vijana mnaojua kuandika, tafuteni daftari moja. Mwombeni bibi wa kabila lenu na bibi wa kabila lingine ruhusa ya kuandika wimbo wa kubembeleza mtoto au wa kumlilia marehemu. Upande mmoja lugha yake, upande wa pili Kiswahili. Someni mbele ya watu wote. Lakini mtu akitaja aliyeua au aliyebaka, hilo si la daftari. Usalama wake ulindwe, na neno lake lifikishwe kwa wenye sheria. Wimbo hauchukui nafasi ya haki.

Jarida lile la London linatoka hadi leo, na Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwaka 1989. Sisemi mashairi ndiyo yaliyouangusha. Nasema siku ulipofunguliwa, wako waliokuwa wamekwisha kusikia sauti za upande wa pili. Nasi siku ya kurudi vijijini itatukuta na wale tuliokimbiana nao. Heri itukute tumekwisha kusikilizana.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Basi mjumbe naye asiue.